Mbao Mlangoni kwa Misumari

Ulimwacha Misumari, yule binti fundi, na ufunguo mkononi, msomaji, na ufunguo wenyewe hauna kazi.

Mlango wa nyumba mpya aliyopanga ulikuwa umepigiliwa mbao. Mbao ndefu, imekatiza mlango katikati na kuzidi fremu pande zote mbili. Misumari minne ya inchi nne ilikuwa imezamishwa mpaka vichwa. Na mbele ya mbao hiyo, juu ya kiti cha plastiki, amekunja nne kama yuko sebuleni kwake, alikuwa amekaa Kumi Juu.

"Karibuni," alisema. "Mmechelewa. Nipo hapa tangu saa mbili."

Kumi Juu ni mkopeshaji. Ukikopa mia, anaandika mia na kumi, na kila mwezi anaongeza kumi juu. Jina alilopewa na wazazi wake analo, lakini nadhani hata mkewe amelisahau.

Misumari aliusogelea mlango. Huyu ni fundi wa makochi, msichana anayefanya kazi na misumari midogo mdomoni, ishirini kwa wakati mmoja, akiitoa mmoja mmoja kuipeleka kwenye nyundo. Ndipo alipopata jina, na ndiyo sababu watu wanasema hana maneno. Maneno anayo. Mdomo ndio huwa umejaa.

Siku hiyo mdomo ulikuwa mtupu.

"Toa mbao," alisema.

"Toa deni."

"Sina deni na wewe."

"Laki mbili zilibaki. Zimekaa, zimezaa. Sasa ni laki tatu na nusu."

"Laki mbili nilikulipa kwa kazi. Makochi yako ya ofisini, yote matatu. Kitambaa changu, sponji yangu, wiki mbili za mgongo wangu. Tulikubaliana."

"Imeandikwa wapi?"

Nyuma ya Misumari mkokoteni ulikuwa umesimama na maisha yote ya watu wawili juu yake: kitanda kilichofunguliwa vipande, magodoro, masufuria ndani ya beseni, na ile cherehani nzito ya kushonea vitambaa vya makochi, imefungwa kamba mara tatu kama mwizi. Nyuma ya mkokoteni alikuwa mama yake, amekumbatia kifurushi cha nguo. Mama hakusogea. Alimwona Kumi Juu, akaangalia chini.

Mwenye mkokoteni ndiye aliyesogea. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, asiyeweza kunyamaza hata akipandisha mlima. Aliikagua ile mbao, akaipitishia kidole.

"Tajiri mzima," alisema, "anafungia mlango wa watu kwa mbao iliyotobolewa na wadudu. Si ungenunua nzima?"

"Mbao yangu, misumari yangu," alijibu Kumi Juu. "Mtu akigusa, ameniibia. Na wewe nenda kavute mzigo."

"Mzigo unakaa hapa. Na kila saa ya kukaa ina bei yake, dada, nakukumbusha tu kwa upendo."

Mlango wa jirani ulifunguliwa. Mama mwenye nyumba alitoka, mapovu ya sabuni mpaka kwenye viwiko. Alitazama mbao, akatazama mkokoteni, akamtazama mpangaji wake mpya.

"Binti, mimi nilikuuliza kama una deni la mtu. Ukaniambia limekwisha."

"Limekwisha, mama."

"Huyu anasema halijaisha. Nani ananidanganya?"

"Huyo aliyekaa kwenye kiti."

Kumi Juu alicheka kwa adabu, akatoa karatasi kutoka mfuko wa shati. "Mama, mimi mtu wa maandishi. Hii hapa sahihi yangu, na hii ya kaka yake, aliyekopa laki sita akatoweka. Miaka miwili hajulikani alipo. Na hapa chini ni sahihi ya huyu, aliyesema atalipa badala yake. Amelipa laki nne, namshukuru. Hizo nyingine anataka kuzilipa kwa hadithi."

Mama mwenye nyumba alijifuta mikono kwenye khanga. Hakuwa mtu mbaya, msomaji. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Mpangaji wangu wa mwisho aliondoka, wadai wake wakabaki," alisema. "Miezi minne wananigongea mimi. Safari hii sitaki. Binti, nakupa mpaka saa kumi. Ukinionyesha kwamba deni limekwisha, mbao nitaing'oa mwenyewe. Usiponionyesha, kodi yako nakurudishia, na yule muuguzi aliyekuja jana anaingia."

Ilikuwa saa sita na robo.

Na kurudi walikotoka haikuwezekana. Chumba cha zamani kilikuwa na mpangaji mwingine tangu asubuhi. Walimwacha anapaka ukuta rangi ya kijani, anaimba.

Mama alimvuta Misumari pembeni, karibu na gurudumu.

"Mwanangu, mlipe tu yaishe."

"Kwa nini, mama?"

"Tuuze cherehani. Mtu atainunua leo leo."

"Cherehani ndiyo mkono wangu. Unataka niuze mkono?"

"Nataka yaishe." Macho ya mama yalikuwa yamejaa maji. "Usishindane na yule mtu. Hujui yote anayoyajua."

"Mama, nimelipa deni hili la mwanao kwa mwaka mzima na zaidi. Nimelala na njaa nikilipa. Mtu aliyekopa yuko huko anakojua mwenyewe, na mimi nimelipa mpaka senti ya mwisho. Silipi mara ya pili. Na mguu wa kwanza kuingia nyumba hii ni wako. Nilikuahidi, na utaingia leo."

Mama alikikumbatia kifurushi kwa nguvu zaidi.

Kumi Juu alikuwa amesikia. "Muulize mama yako," alisema kwa sauti tamu. "Yeye ana akili kukushinda."

Hapo Misumari aligeuka.

"Umeuliza imeandikwa wapi. Imeandikwa ndani ya kochi lako."

Nieleze kidogo, halafu twende mbio.

Kaka aliyetoweka ndiye aliyemfundisha Misumari ufundi. Na jambo la kwanza alilomfundisha halikuwa kushika nyundo. Lilikuwa kushika penseli. Kochi likiwa bado mifupa, kabla sponji haijawekwa, unaandika kwenye mbao ya mbele, upande wa ndani: tarehe, kazi, bei na makubaliano. Mwenye kochi anatia sahihi hapo hapo. Kisha unafunika. Karatasi hupotea, huloa, huliwa na panya, lakini mtu akija kubisha unapindua kochi lake na kumsomea.

Kumi Juu alitia sahihi yake kwenye mbao ya kochi la watu watatu, miezi minane iliyopita. Alitia huku anacheka. "Sasa umeandika kwenye mbavu za kochi," alisema siku ile. "Nani atakuja kusoma huko?"

"Mbao ya mbele," Misumari alimwambia mama mwenye nyumba. "Nimeandika deni limekwisha, na yeye ametia sahihi. Kochi liko ofisini kwake, mwendo wa dakika kumi. Twende ukasome mwenyewe."

Misumari alitarajia Kumi Juu atabadilika rangi.

Kumi Juu alisimama, akanyoosha suruali. "Twende," alisema. "Ila tusiende bure. Kama maandishi yapo, deni limekufa, na mkokoteni nalipa mimi. Kama hayapo, cherehani yako inabaki ofisini kwangu. Mama mwenye nyumba ni shahidi."

"Mwanangu, usikubali," mama alisema.

"Nimekubali," alisema Misumari.

Mtu akikukubalia haraka namna hiyo, jiulize amekuandalia nini. Misumari hakujiuliza. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na haki.

Wakaondoka: Kumi Juu mbele na karatasi yake, mama mwenye nyumba na sabuni yake, Misumari, kisha mkokoteni na kitanda na masufuria yanayogongana. Mama wa mwisho. Watu walitoka madukani kuangalia.

"Mnahamia wapi?" mtu mmoja aliuliza.

"Tunahamia kwa Kumi Juu!" alijibu mwenye mkokoteni. "Ametualika wote!"

Ofisi ya Kumi Juu ni chumba kimoja chenye dirisha la nondo. Ndani kuna meza, kabati la chuma, na yale makochi matatu ya kitambaa chekundu kilichoiva, yamepangwa ukutani. Hapo ndipo wadaiwa hukaa kusubiri kuitwa. Siku hiyo kwenye kochi la watu watatu walikuwa wamekaa dobi, kinyozi, na mwanamke mmoja muuza mitumba, wamebanana, kila mmoja ameshika pesa yake ngumini.

"Samahani, simameni," Misumari aliwaambia.

"Tumefika kwanza," alisema dobi.

"Sikuja kukaa. Nimekuja kulipindua."

Dobi aliangalia kochi, akamwangalia Kumi Juu, akaelewa kwamba kuna jambo. Alikuwa wa kwanza kusimama. "Pindua, dada. Pindua. Mimi nashika huku."

Kochi likalala kifudifudi, miguu juu. Upande wa chini ulikuwa umefunikwa kitambaa cheusi, kimezungushiwa misumari midogo pembeni. Misumari alipiga magoti. Alichukua bisibisi aliyokuja nayo kutoka beseni la masufuria, akaingiza ncha, akavuta. Kitambaa kilitoka kwa mlio ule unaofurahisha masikio ya fundi. Akakikunja chote upande mmoja.

"Mama, njoo usome," alisema, bila kuangalia.

Mama mwenye nyumba aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma mistari minne.

"Binti," alisema taratibu. "Nisome nini?"

Misumari aliangalia.

Mbao ya mbele ilikuwa nyeupe. Safi. Haina hata nukta ya penseli.

"Haiwezekani," alisema.

"Ile pale mbao," Kumi Juu alisema, "na ile pale hadithi." Akamgeukia mwenye mkokoteni. "Shusha cherehani."

"Mimi?" alisema mwenye mkokoteni. "Mimi mgongo unauma, mzee. Umeanza sasa hivi."

Kumi Juu aliifungua kamba mwenyewe. Akamwita kinyozi amsaidie, na kinyozi, kwa kuwa alikuwa na deni la miezi mitatu, alisaidia bila kumtazama mtu usoni. Cherehani iliwekwa kando ya kabati la chuma.

"Saa saba kasorobo," Kumi Juu alisema. "Muda bado mnao. Nendeni mkachukue kodi yenu."

Mama mwenye nyumba alimshika Misumari begani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Twende, binti. Nitakurudishia yote. Hata elfu sitakata."

Lakini Misumari hakuinuka.

Alikuwa anaangalia misumari midogo aliyoing'oa, iliyotawanyika sakafuni. Aliokota mmoja. Ulikuwa unang'aa.

Siku ile alitumia myeusi. Alikumbuka vizuri, kwa sababu duka halikuwa na mingine, na kutu yake ilimbaki ulimini siku mbili.

Alinusa mbao. Ilinuka msumeno. Mbao ya miezi minane hainuki msumeno.

"Nani amelifungua kochi hili?" aliuliza.

"Hakuna."

"Mbao hii ni mpya."

"Mbao ni mbao. Umeshindwa, nenda."

"Mbao niliyoandika mimi ilikuwa na jicho. Doa jekundu kama jicho la samaki, upande wa kulia. Na ukingoni ilikuwa na matundu ya misumari ya zamani, ya fundi aliyekutengenezea kabla yangu, na yangu mimi juu yake. Nilipiga mmoja kila vidole viwili. Iko wapi?"

Na hapo, msomaji, aliona kitu kingine.

Misumari mipya, ile inayong'aa, upande ambao kitambaa kilikuwa bado kimeshikiliwa, ilikuwa imepigwa vizuri mno. Mmoja kila vidole viwili. Na kwenye kila kona, miwili miwili, imelala kidogo kuelekea ndani. Mafundi wengine hupiga kona msumari mmoja. Watu wanaopiga kona namna ile duniani aliwajua wawili tu. Mmoja alikuwa amepiga magoti hapo hapo sakafuni.

Wa pili ni aliyemfundisha.

Alifunga ule msumari ndani ya ngumi. Kisha maneno ya mwenye mkokoteni yakamrudia kichwani, yale ya pale mlangoni, ya utani. Mbao iliyotobolewa na wadudu.

Mdudu gani anapima vidole viwili?

Misumari alisimama ghafla mpaka dobi akaruka pembeni.

"Nyundo yangu," alimwambia mwenye mkokoteni. "Ndani ya sufuria kubwa. Lete."

"Unaenda kumpiga?" aliuliza mwenye mkokoteni, kwa matumaini.

"Naenda nyumbani kwangu."

Akatoka mbio. Nyuma yake dobi, nyuma ya dobi muuza mitumba, nyuma yao mama mwenye nyumba ameshika khanga, kisha mkokoteni, sasa bila cherehani, ukiruka mawe. Kinyozi alibaki dakika moja akimwangalia mdai wake. Halafu na yeye akakimbia.

Kumi Juu alikuja wa mwisho. Alikuja anatembea, kwa sababu hakuelewa. Alipoelewa, tayari walikuwa wamefika kona ya nyumba, na alianza kukimbia vibaya, kama mtu ambaye hajakimbia tangu shuleni.

Misumari alisimama mbele ya mlango. Alipitisha kidole ukingoni mwa mbao. Tundu. Vidole viwili. Tundu. Vidole viwili. Kwenye tundu la tano kulikuwa na uzi mwekundu, mfupi kama kope.

"Usiguse!" Kumi Juu alipiga kelele kutoka barabarani. "Hiyo ni mbao yangu!"

"Tulishasikia," alisema mama mwenye nyumba. "Mbao yako, misumari yako. Umeitoa wapi?"

"Ofisini kwangu!"

"Ofisini kwako wapi?"

Kumi Juu alifika, anahema. Aliangalia mbao. Tangu asubuhi alikuwa ameipa mgongo. Mfanyakazi wake ndiye aliyeipigilia alfajiri, na yeye alikuja baadaye na kiti chake, akaona mlango umezibwa, akaridhika. Sasa aliona jicho jekundu, upande wa kulia.

"Nilimwambia aichome," alisema.

Dobi alisogea karibu.

"Aichome nini?" aliuliza mama mwenye nyumba.

Kumi Juu alikuwa tayari amejibu.

Mama mwenye nyumba alimwonyesha Misumari mlango kwa kidevu. "Nilisema nitaing'oa mwenyewe. Lakini naona una nyundo na mimi nina umri. Ng'oa."

Misumari aliingiza meno ya nyundo chini ya mbao. Msumari wa kwanza ulilia. Wa pili ukalia. Dobi alikuwa anahesabu kwa sauti. Wa tatu. Wa nne. Mbao ikaanguka mikononi mwa mwenye mkokoteni, naye akaigeuza kwa madaha, kama mtu anayefungua zawadi mbele ya wageni.

Upande wa ndani ulikuwa na maandishi ya penseli, makubwa, ya mtu aliyeacha shule mapema lakini anayejua anachotaka kusema.

Mama mwenye nyumba alisoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Kochi la watu watatu moja. Kochi la mtu mmoja mawili. Kazi na vifaa laki mbili. Hii ni ile laki mbili iliyobaki. Deni la kaka limekwisha lote. Ametia sahihi mwenye makochi."

Na sahihi ilikuwa hapo, ndefu, yenye mkia wa kujivuna. Mama mwenye nyumba alinyoosha mkono bila kumwangalia Kumi Juu. "Karatasi yako." Akalinganisha sahihi yake ya hapo na ile ya mbao. Mkia kwa mkia.

"Ni hiyo hiyo," alisema. Akaichana karatasi mara mbili, akampa vipande.

Muuza mitumba alipiga kigelegele. Kinyozi alikohoa, akasema kwamba na yeye angependa kuliangalia daftari upya, siku yoyote, hata leo.

Misumari aliokota ile misumari minne ya inchi nne. Aliiweka katika kiganja cha Kumi Juu, mmoja baada ya mwingine, akamfunga vidole.

"Misumari yako hiyo. Minne, hesabu usije ukasema nimebaki na mmoja. Cherehani yangu unairudisha wewe, kwa mabega yako, kabla ya saa kumi. Mkokoteni unalipa wewe, kwenda na kurudi."

"Na saa za kusubiri," alisema mwenye mkokoteni.

"Na saa za kusubiri. Na kitambaa cha chini cha kochi lako kimechanika. Ukitaka nikishone, njoo kama mteja. Bei yangu imepanda. Kumi juu."

Dobi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mbao ni yangu," Kumi Juu alisema kwa sauti ndogo. Ndicho alichobakiwa nacho.

"Nenda kanishtaki," alisema Misumari. "Ueleze uliipigilia wapi."

Kumi Juu aliondoka. Kiti chake cha plastiki alikisahau, na mama mwenye nyumba akakikalia.

Basi Misumari alichukua ufunguo. Uliingia, ukazunguka mara mbili, mlango ukafunguka. Vyumba viwili. Sakafu imefagiliwa. Dirisha linaloangalia upande wa jua. Ukuta hauna hata msumari mmoja. Alisimama kizingitini, akakwepa pembeni kumpisha mtu.

"Mama," aliita. "Njoo. Mguu wa kwanza wako."

Mama alikuwa bado yuko getini, amekumbatia kifurushi. Safari yote, kwenda na kurudi, hakukiweka chini.

"Dada," mwenye mkokoteni alisema. Utani wote ulikuwa umemtoka. "Mbao hii ina mengine. Huku mwishoni. Haya si ya zamani, penseli bado inatoka kidoleni."

Misumari aliishika mbao. Mwishoni kabisa, pale ilipokuwa imebanwa kwenye fremu na msumari wa mwisho, palikuwa na mistari miwili. Herufi zililala kushoto. Ni mtu mmoja tu alikuwa anaandika hivyo, kwa mkono wa kushoto, na ndiye aliyemfundisha kushika penseli.

Kaka hakuwa ametoweka. Alfajiri ya siku hiyo alikuwa amesimama mbele ya mlango huu, nyundo mkononi. Yeye ndiye mfanyakazi aliyeambiwa na Kumi Juu aichome mbao, akaileta hapa.

Misumari alisoma kimya. Akasoma tena.

*Mdogo wangu, laki sita sikukopa mimi. Nilitia sahihi tu.*

*Muulize mama.*

Aliinua macho.

"Mama," alisema, na safari hii sauti haikuwa ya kumkaribisha mtu. "Ingia ndani."

Mlango ulikuwa wazi, deni limekufa, na hakuna mtu njiani. Kifurushi kilianguka. Nguo zikatawanyika mavumbini, na mama hakuinama kuziokota.

Mguu ule wa kwanza haukuinuka.